Kuanza kufuga kuku kwenye miaka 60: chanjo kwanza, kuku nyuma

Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama, Kamina

  

Komite ilituomba tuzungumze juu ya kuku. Si wale kuku wa mamia wanaofungiwa ndani na kulishwa chakula cha kiwanda. Ni kuku wa parseli, nzolo wa nyuma ya jiko, wanaojitafutia chakula mchana na kurudi wenyewe jioni. Tena komite ilisema wazi: tuzungumze na watu wenye umri. Katika wale walioomba kuanza kufuga, wengi ni wazee, na wengi kati yao ni wajane. Hawakuwa wafugaji. Walikuwa walimaji, wavuvi wa upande wa Upemba, wafanyakazi wa reli, walimu, wauzaji wa makayabu na mafuta ya mawese.

Sisi tunaopita parseli kwa parseli tunasikia maneno matatu. La kwanza: "Miye nilisha kuzeeka, kuku nitaanza nayo wapi tena?" La pili: "Kuku yote inakufaka siku moja, ni kazi ya bure." La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: "Wakati wa vita, kuku njo ya kwanza walibebaka." Tutajibu maneno haya matatu, kisha tutaleta ombi moja mbele yenu, maana leo kuna uamuzi wa kuchukua.

Tuanze na lile la mwisho

Hatuna jibu la kufuta neno hilo. Wengi wenu mulitoka Malemba-Nkulu, Mitwaba ao Pweto mukiwa na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Wengine mulivuka mpaka, mukakaa miaka katika kambi za Zambia: Kala, Mwange, Meheba. Watu wa silaha walipoingia kijijini, kuku alibebwa mbele ya mbuzi, mbele ya redio. Ni mwepesi, hana alama, na jioni ileile anapikwa. Mtu aliyeona hivyo mara mbili ao tatu katika maisha yake, hatumshangai akisema hataki tena kufuga kitu chenye miguu.

Lakini tuangalie na upande mwingine. Kitu chepesi kubebwa ni chepesi pia kurudisha. Mbuzi anabeba mimba miezi 5, na mara nyingi anazaa mmoja ao wawili. Kuku anakalia mayai siku 21, na anatoa vifaranga 8, 10, hata 12. Kuku mama wa kienyeji aliyetotolewa wakati mvua zinaanza mwezi wa 10 anaweza kuanza kutaga wakati kiangazi kinaanza. Mtu wa miaka 62 hana haja ya kungoja miaka mingi ili aone matunda. Na akilazimika kuhama tena, Mungu apishe mbali, anaweza kuuza wale aliobaki nao asubuhi moja, akatembea na franga mfukoni.

Kuhusu neno la kwanza, la uzee, sisi tunaona kinyume. Kufuga kuku wa parseli hakuombi nguvu ya mkono kama jembe. Kunaomba mtu anayekuwa nyumbani, anayeamka mapema, anayehesabu, na ambaye hana haraka. Kijana anatoka saa 12 asubuhi kwenda sokoni ao stesheni, anarudi usiku. Nani ataona kwamba kuku mmoja hakula asubuhi? Nani atasikia kelele ya vifaranga kipanga akishuka? Ni bibi aliyeketi chini ya mwembe akichambua sombe. Kazi hii ni ya macho na ya subira, na kwa hayo wazee hamukosi.

Kweli, kuna vitu ambavyo mwili wa mzee haupendi: kuinama, kubeba maji, kukimbiza kuku. Kwa hiyo tunapanga kazi kufuata mwili. Kijumba kinajengwa juu ya nguzo, sakafu yake ikifika kwenye kiuno cha mwenye nyumba, ili afungue mlango na kuokota mayai akiwa amesimama. Kuku wanapanda kwa ngazi ndogo ya miti. Maji yanaletwa na mjukuu asubuhi, kabla ya masomo. Na hakuna kukimbiza: kuku anashikwa usiku ao alfajiri, akiwa bado ndani, ametulia.

Kwa nini "yote inakufaka siku moja"

Sasa tufike kwenye neno la pili, lenye uzito kuliko yote. Munasema kweli. Kila mwaka, mara nyingi katika kiangazi, wakati wa upepo na baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, parseli moja inaamka na kuku 3 wamekufa, kesho yake 6, na wiki ikiisha hakuna sauti ya jogoo katika avenyu nzima. Wengine wanasema ni upepo. Wengine wanasema ni jicho la jirani. Tumeona watu wakikosana kabisa juu ya hilo, na watu waliorudi kuishi pamoja baada ya vita hawana nafasi ya ugomvi wa namna hiyo.

Si jirani. Ni ugonjwa, na una jina: Newcastle. Katika ofisi za mifugo za kwetu utausikia pia kwa jina la Kifaransa, pseudopeste. Watani wetu wa Tanzania wanauita mdondo ao kideri. Jina Newcastle linatoka mji mmoja wa Uingereza, ambako ulionekana mwaka 1926. Mwaka huohuo ulionekana pia katika kisiwa cha Java, kule Asia. Kwa hiyo si laana ya Kamina. Karibu miaka 100 unazunguka dunia.

Alama zake munazijua: kuku anasinzia, mabawa yanaanguka, mavi yanakuwa ya kijani, anapumua kwa mdomo wazi, wengine shingo inapinda na kuzunguka. Katika kundi ambalo halikuchanjwa unaweza kuua karibu wote. Tena hauna dawa. Tunarudia: hauna dawa. Vidonge vya watu vinavyosagwa ndani ya maji, pilipili, maji ya majivu, havitaondoa ugonjwa huu. Mwenye kuuza dawa ya kuponyesha Newcastle sokoni, muachie dawa yake.

Unatembea namna gani? Unatembea na kuku mwenyewe, na mavi yake, na kitunga kilichombeba, na viatu vya mtu aliyekanyaga, na manyoya yaliyotupwa. Kwa kawaida kuku aliyeupata anapitisha siku 5 ao 6 kabla ya kuonyesha alama, wakati mwingine hata wiki 2. Sasa mufikirie mji wetu. Kamina ni njia-panda ya reli: njia moja inashuka Lubumbashi, nyingine inaenda Kananga na Ilebo, nyingine inaelekea Kabalo na Kalemie. Vitunga vya kuku vinashuka kwenye treni, vingine vinaingia juu ya kinga kutoka vijijini. Kuku anayeonekana mzima leo sokoni anaweza kuwa ameshabeba kifo cha avenyu nzima.

Tena kuna jambo ambalo lazima tuseme, hata kama halipendezi masikio. Mtu akiona kuku wake wa kwanza anasinzia, anafanya nini? Anakimbiza wengine sokoni awauze mbio, bei ya chini, mbele hawajafa. Tunaelewa: ni franga za minervale zinazoponyoka mkononi. Lakini mwenye kununua ni nani? Ni mwanachama mwingine, mjane mwingine, anayeona bei imeshuka na kufurahi. Ugonjwa unaingia kwake kwa mkono wetu wenyewe. Kuku wagonjwa wasiuzwe, wasipelekwe zawadi, wasihamishwe. Waliokufa wachomwe ao wazikwe shimo refu, mbali na mbwa.

Mababu wa pwani walisema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi tuliorudi tunaijua kamba hiyo. Kila mahali tulipofika tulipimwa kwanza. Lakini kwa kuku wenyewe, hiyo ni kanuni nzuri ya afya. Kuku mgeni akiingia kwenye parseli, afungwe kamba ao awekwe peke yake siku 14, na sahani yake ya maji peke yake. Akibaki mzima, aungane na wenzake. Akisinzia, umepoteza mmoja na kuokoa 15.

Chanjo iko, lakini haiingii mlango wa mtu mmoja

Ugonjwa huu hauna dawa, lakini una chanjo. Na hapa kuna habari njema. Chanjo nyingi za Newcastle, kama ile ya La Sota, zinataka baridi bila kukatika tangu kiwandani mpaka kwenye kuku. Kwa mji wenye umeme wa kuja na kwenda, hiyo ni shida. Lakini katika chuo kikuu cha Queensland, Australia, mtaalamu Peter Spradbrow na wenzake walitengeneza chanjo inayovumilia joto, inayoitwa I-2. Hawakuitengeneza kwa ajili ya matajiri. Waliitengeneza kwa kuku wa vijijini. Inapenda pia frigo, lakini ikitoka inaweza kuvumilia safari, ikifungwa ndani ya kitambaa chenye maji, ndani ya kitunga, mbali na jua. Imetumika sana Msumbiji, Malawi na Tanzania, na kule Tanzania inatengenezwa nchini mwao.

Inatolewa namna gani? Tone moja, katika jicho moja, kwa kila kuku: mkubwa, mdogo, jogoo, kifaranga, wote tone moja. Kisha unarudia kila miezi 4. Basi. Hakuna sindano. Mmoja anashika kuku kwa upande, mwingine anadondosha, munangoja jicho lifunge na kufunguka, munamwachilia. Wamama wasioona vizuri karibu, wao washike. Mjukuu wa sekondari adondoshe. Baadaye munanawa mikono kwa sabuni, na hamugusi macho yenu kabla ya kunawa, maana chanjo hii inaweza kuwasha jicho la mtu.

Mambo mawili mulisikia na yanataka jibu. Wengine wanasema, "Walichanja, kuku ikakufa." Inawezekana. Chanjo inaomba wiki moja mpaka mbili ili mwili wa kuku ujitayarishe. Kama ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye kundi siku ile ya chanjo, chanjo haikuua, ilichelewa. Kwa hiyo hatuchanji wakati jirani ameshaanza kuzika kuku. Tunachanja mbele. Jambo la pili: chanjo ya Newcastle inazuia Newcastle tu. Haizuii ndui ya kuku, ile ya vidonda kwenye kichwa inayoletwa na mbu wakati wa mvua. Haizuii kuhara damu kwa vifaranga, kunakotoka na unyevu na uchafu wa sakafu. Haizuii kipanga, wala nyoka, wala mwizi.

Sasa musikilize vizuri, sababu ombi letu linatoka hapa. Chupa moja ya chanjo haitoki na matone 5. Inatoka na matone ya kuku wengi, 100 ao zaidi. Na ikishachanganywa na maji yake, haingoji: tunaimaliza siku hiyohiyo. Mama mwenye kuku 6 hawezi kununua chupa peke yake. Akiinunua, atatumia matone 6 na kumwaga yanayobaki. Tena hata akichanja zake na majirani wote wasichanje, ugonjwa utaendelea kuzunguka mlangoni mwake, na vifaranga watakaozaliwa baadaye bila chanjo watakufa.

Ndiyo maana kazi hii si ya mtu mmoja. Ni kazi ya chama. Kwa kulima, mtu anaweza kwenda peke yake shambani. Kwa chanjo, avenyu nzima inaamka siku moja, saa 11 ya asubuhi, kuku wakiwa bado ndani, na chupa inapita nyumba kwa nyumba mpaka imalizike. Namna tunavyofanya likelemba kwa franga, tuifanye kwa matone.

Kwa Kamina tunapendekeza miezi 3: mwezi wa 4, mbele ya kiangazi, mwezi wa 8, na mwezi wa 12. Ile ya mwezi wa 4 ndiyo isiyokosekana kamwe.

Kijumba na vifaranga

Mtu akitaka kuanza, tunamwomba asinunue kuku kwanza. Ajenge kijumba kwanza. Miti, matete, nyasi, udongo. Vitu hivyo viko. Kiwe kirefu kutoka chini, hewa ipite juu, mvua isiingie, mlango ufungwe kwa kweli usiku. Ndani ya mita 1 ya mraba walale kuku wakubwa 5. Wawekewe miti ya kulalia, na majivu pembeni ya parseli ya kuogelea, dhidi ya viroboto na chawa. Kila juma, mavi yakombolewe na kupelekwa kwenye bustani ya lenga-lenga. Hapo kuku ameshaanza kulipa.

Kisha tuanze na kidogo: kuku mama 2. Jogoo mmoja anatosha kwa kuku mama 8 mpaka 10, kwa hiyo parseli 3 ao 4 zinaweza kutumia jogoo mmoja, kama wote wamechanjwa.

Watu wengi wanafikiri kuku wanapotea kwa ugonjwa tu. Hapana. Wanapotea wakiwa vifaranga. Kifaranga anayefuata mama yake mchana kutwa kwenye nyasi anakutana na kipanga, panya, nyoka, mvua, magurudumu ya kinga. Katika kuku wa kuachiliwa, nusu ya vifaranga ao zaidi wanaweza kuisha kabla ya miezi 2. Hapa ndipo mzee anaweza kufanya tofauti kubwa.

Tufanye hesabu ya mfano, kila mtu aandike kwenye kaye yake. Tuseme kuku mama 2, kila mmoja anatotoa mara 3 kwa mwaka, vifaranga 9 kila mara. Ni vifaranga 54. Wakiachiliwa ovyo, tuseme kila mara wanabaki 3: mwisho wa mwaka una 18. Wakifungiwa chini ya kitunga kikubwa ao ndani ya uzio mdogo wiki 4 za kwanza, pamoja na maji safi na chakula kidogo, tuseme wanabaki 6 kila mara: una 36. Kuku mama ni walewale 2. Parseli ni ileile. Tofauti ya 18 imetoka kwenye kitunga. Tena baada ya wiki 4 ukiwatenga vifaranga na mama yao, mama anarudi kutaga mapema.

Na chakula? Kuku wetu anajitafutia sehemu kubwa, lakini vifaranga wasaidiwe. Pumba za mahindi. Mabaki ya bukari. Maganda ya mihogo, yakaushwe vizuri juani, maana mihogo michungu mibichi ina sumu. Vichwa vya samaki vilivyokaushwa na kusagwa. Mchwa: chukua chungu kizee, jaza nyasi kavu na mavi ya ng'ombe ao ya mbuzi yenye unyevu kidogo, kigeuze juu ya mahali pa mchwa jioni, asubuhi utakuta chakula kizuri sana cha vifaranga, bila franga hata moja. Maganda ya mayai yachomwe kidogo na kusagwa, kuku mama apate kutengeneza mengine. Lakini karanga na mahindi yenye ukungu, hapana. Ukungu ule una sumu kwa kuku na kwa watu. Kitu ambacho mtu amekikataa kwa sababu ya ukungu, kisiende kwa kuku.

Mayai pia tuyazungumzie. Si yote ni ya kutotolewa. Katika mayai 14, muachie mama 10 ao 11 anayoweza kufunika vizuri, yanayobaki wapeni wajukuu. Tunajua katika nyumba nyingi mtoto hapewi yai. Wazee wanasema atazoea wizi. Tunawaheshimu wazee, lakini mtoto wa miaka 2 anayekula bukari na sombe tu anahitaji yai kuliko mgeni. Nyama ya kuku ibaki kwa wakwe na wageni wa heshima, hatugusi desturi hiyo. Yai tunaliombea mtoto.

Deni la kuku aliyekufa

Sasa tunafika kwenye jambo lililoleta maneno makali katika mikutano iliyopita. Kanuni ya chama inasema: mwanachama anayepewa kuku mama 2 anarudisha vifaranga wakubwa 2 wa kike, wapewe mwanachama anayefuata. Ni kanuni nzuri. Ndiyo inafanya msaada utembee usikae kwa mtu mmoja.

Lakini kiangazi kinapokuja, Newcastle inaingia, na mama aliyepewa kuku anabaki na kijumba kitupu na deni. Hawezi kulipa. Anaanza kukosa mikutano. Anapita njia nyingine ili asikutane na yule anayengoja zamu yake. Mtu aliyekimbia vita, aliyerudi bila kitu, aliyepata ndugu wapya ndani ya chama hiki, anawapoteza ndugu hao kwa sababu ya kuku 2 waliokufa kwa ugonjwa ambao tone moja lingeuzuia. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko kuku. Kuku 2 tunaweza kutafuta. Mwanachama aliyeona haya, kumrudisha ni kazi ngumu.

Kwa hiyo tunaleta ombi hili, wanachama mulipime na kulipigia kura:

Moja, mtu asipewe kuku mbele kijumba chake hakijaonekana na macho ya komite ya kartiye.

Pili, kuku asitoke mkononi mwa chama mbele hajachanjwa na kungoja siku 14.

Tatu, sehemu ya mchango wa kila mwezi iwekwe pembeni ndani ya kasha la chama kwa ajili ya chanjo tu, miezi 3 kwa mwaka, na isiguswe hata kwa kilio. Kilio kina kasha lake.

Nne, mwanachama aliyechanja mara zote, na jina lake liko ndani ya kaye ya chanjo, kuku wake wakikufa, deni lake linasimama mpaka apate wengine. Hafukuzwi wala kusemwa. Aliyekataa kuchanja bila sababu, deni linabaki.

Tano, katika kila kartiye wachaguliwe watu 2 wa kuchanja, mmoja awe mzee na mmoja kijana, wafundishwe na veterinere wa serikali. Chanjo inunuliwe kupitia yeye, si kwa muuzaji wa njiani, na yeye ndiye atatuambia ni aina gani iko na inavyotunzwa.

Kwa marafiki wenye kusaidia

Munatuuliza mara kwa mara: kwa nini hamuombi kuku wengi wa kisasa, wa mayai kila siku? Swali ni zuri. Kuku wale wanataka chakula cha kiwanda kila asubuhi. Watu wa Lubumbashi wako karibu na mpaka wa Zambia, wanakopata vifaranga na chakula hicho. Sisi tuko mbali na mpaka, na bei inapanda na kila kituo cha treni. Siku chakula kinakosa kufika, kuku wa kisasa anaacha kutaga, na bibi wa miaka 65 anabaki na midomo 50 ya kulisha. Kuku wa kienyeji anataga kidogo, mayai 40 mpaka 60 hivi kwa mwaka, lakini anajua kuishi Kamina.

Tena kugawa kuku 300 kwa siku moja kunatoa picha nzuri. Kama hawakuchanjwa, kiangazi kitawafagia, na mwaka unaofuata tutawaandikia tena kuomba kuku 300. Tunaomba msaada mdogo zaidi na mrefu zaidi: frigo moja ya jua ya kutunza chupa, mafunzo ya wachanjaji, na nyongeza ya kasha la chanjo kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu, michango ya wanachama ibebe mzigo. Ripoti yetu isiseme tu kuku wangapi waligawiwa. Iseme wangapi walikuwa hai mwezi wa 9, kiangazi kikiisha. Hesabu hiyo ndiyo mutupime nayo.

Wamama na wababa, masomo ya msingi hayalipwi tangu mwaka 2019, lakini sekondari inalipwa, na dawa zinalipwa, na sabuni inalipwa. Watoto wenu wako mbali, wengine katika machimbo, wengine hawakurudi. Mzee anayeweza kutoa kuku mmoja mwanzo wa mwezi haombi ruhusa ya mtu kwa kila franga. Na akifika kuku 12 ao 15, anaweza kuuza baadhi, akanunua mbuzi jike mmoja. Tunasema hivyo kwa sababu tumeona wenye kufanya. Hawakuwa na elimu ya mifugo. Walikuwa na kijumba kinachofungwa, kitunga, kaye, na jirani aliyekubali kuamka saa 11.

Karatasi za kura ziko kwa mwandishi wa chama. Wasiojua kusoma watasomewa ombi kwa Kiswahili na Kiluba, neno kwa neno, mbele ya watu wote. Mukikubali, chupa ya kwanza itafunguliwa mwezi wa 4, na tutaanza na kartiye itakayotangulia kumaliza vijumba vyake.